Droo ya Masika

Machi 4, Jumatatu

Mvua imeanza leo, na mimi nimeanza kugombana na watu. Ndivyo nilivyo kila masika. Wengine wakiona mawingu wanafikiria kupanda, mimi nafikiria kutu. Nimezunguka karakana nzima na kitambaa cha mafuta: patasi moja moja, misumeno, visu vya randa, mpaka meza ya mashine ya randa. Mwenzangu wa kazi, ambaye mtaa mzima unamwita Mpaka Kesho kwa sababu hilo ndilo jibu lake kwa kila mteja, alikuwa ameilaza randa kifudifudi juu ya ubao wenye unyevu. Nikamwambia randa hulazwa ubavu.

"Mzee, hicho ni chuma," akasema. "Hakiumwi mgongo."

Nikamwambia chuma ndicho kinachougua. Mbao ikilowa itakauka, lakini chuma kikishaliwa na kutu ndiyo basi tena. Akacheka. Huyu bwana anacheka kila kitu, nimechoka naye.

Nyumbani mke wangu ameshinda kitandani. Binti yetu, aliyekuja kumwuguza mama yake, anasema amekunywa uji nusu kikombe.

Machi 5

Mvua. Mkanda wa mashine unateleza kwa unyevu. Nimeufuta, nimeukaza, umeteleza tena.

Machi 8

Tumetoka hospitali. Daktari alituita mimi na binti pembeni, akasema hawana tena la kumfanyia zaidi ya dawa za maumivu, tumpumzishe nyumbani. Nikamwuliza mpaka lini. Akasema tumpumzishe nyumbani, mzee wangu.

Binti alilia pale pale kwenye korido. Mimi sikulia. Nilikuwa nautazama mlango wa chumba cha daktari. Umevimba kwa mvua, na mtu ameukata chini kwa pupa ili usikwaruze sakafu. Jua likitoka utanywea, na upenyo utakaobaki panya atapita bila kuinama. Kazi ya mtu asiyejua kusubiri. Nikajisemea, hata mke wangu ni hii baridi tu, baridi imemwingia mwilini. Jua likitoka atapata nafuu. Nimemwambia binti hivyo njiani.

Machi 10, Jumapili

Leo ameamka na uso mzuri. Nilikuwa nimekaa pembeni ya kitanda namenya chungwa.

"Fundi," akaniita. Hajawahi kuniita jina jingine tangu nilipokwenda kwao kurekebisha mlango wa jikoni, nikautengeneza wiki nzima, hadi mama yake akasema mlango huu hauna ugonjwa wa wiki nzima.

"Naam."

"Zile mbao zangu bado zipo?"

Anazungumzia mvule. Nilizinunua binti yetu akiwa bado anatambaa, nikazipanga juu, chini ya paa la karakana, nimeweka vijiti kati ya ubao na ubao ili hewa ipite, na mawe juu yake zisipinde. Wateja wengi wamezitolea macho. Nimewajibu wote kwamba zina mwenyewe. Mwenyewe amekaa miaka yote hiyo na nguo zake kwenye sanduku la bati, mke wa fundi mzima, na akipata mgeni hakosi kumwonyesha lile sanduku na kunitazama mimi.

"Zipo," nikasema. "Zimekauka vizuri sana."

"Basi nitengenezee kabati langu."

"Masika haya, mama? Tusubiri jua. Gundi haikauki sawasawa, mbao zinavuta unyevu..."

"Nimesubiri majua mangapi, Fundi?"

Nikatafuna chungwa lake mwenyewe.

"Lisiwe refu," akaendelea. "Liwe usawa wa kitanda, hapa ubavuni, nifungue nikiwa nimelala. Nataka nipange nguo zangu kwa mkono wangu. Sitaki jingine zaidi ya hilo."

Nikasema sawa. Nikatoka nje nikasimama kwenye mvua bila sababu yoyote.

Machi 11

Tumezishusha. Nimezigonga kwa kifundo cha kidole ubao mmoja mmoja. Ubao mkavu unaitika wazi. Ule wenye maji ndani unaitika kama mtu aliyejifunika blanketi. Zote zimeitika vizuri. Mpaka Kesho akapuliza vumbi, akasema, "Leo zimempata mwenyewe." Safari hii hakucheka.

Kwenye mashine nimemkataza kula mbao kwa pupa. Tunapitisha kidogo kidogo, tukiangalia nyuzi zimelala wapi, maana ukienda kinyume chake kisu kinang'oa badala ya kukata. Meza ya mashine tumeipaka mshumaa ili ubao uteleze bila kusukumwa kwa nguvu. Mtu akisukuma kwa nguvu, siku mbao ikimkatikia, mkono unakwenda wenyewe kwenye kisu. Rangi iliyotoka ndani ni ya asali. Nimemkatia kipande nikampelekea. Amelala nacho mkononi.

Machi 13

Mvua mchana kutwa. Nimekata meno ya kona, yale yanayoshikanisha mbao bila msumari.

Machi 17

Gundi haipendi ubao wa baridi. Nimezihamishia mbao jikoni, karibu na jiko, zipate joto la kiasi kabla ya kuunganishwa, na binti amekuja juu.

"Baba, mimi nitapika wapi?"

"Pika hapo hapo, usizirushie mafuta tu."

"Yaani mbao zina nafasi kuliko mimi!"

Mke wangu akacheka kutoka chumbani mpaka akakohoa. Akapaza sauti, "Umechelewa kulalamika, mwanangu. Mimi niliolewa uke wenza na hizo mbao." Nimekaza vibano nikaviacha vishinde vimekaa, siyo kufungua haraka kama ilivyo kawaida kiangazi. Harufu ya mvule imejaa nyumba nzima. Leo tulikuwa na furaha humu ndani, nakiri.

Machi 26

Fremu imesimama, iko sawa pande zote. Lakini yeye hakai tena bila kuegemezwa. Nimemwambia baridi imezidi wiki hii. Akasema, "Eeh, baridi."

Aprili 2

Leo nimeanza kuingiza droo. Binti aliniletea chakula karakanani, akaona naitoa naiingiza, naitoa naiingiza, akauliza kwa nini siilegezi kidogo mbona inabana.

Nikamweleza. Hata mbao iliyokauka miaka, masika inavuta unyevu wa hewa na kunenepa. Kwa hiyo droo unayoitengeneza kiangazi unaiachia nafasi ya kunenepa, na unayoitengeneza masika unaiacha ibane, maana jua likitoka itapungua yenyewe na kukaa sawasawa. Ukiipiga randa sasa ili iteleze, kiangazi itacheza mle ndani na kupiga kelele, mpaka siku moja itakutokea yote mikononi. Droo ya masika haipigwi randa. Ndiyo kanuni yangu, na nimewahi kumrudisha mteja nyumbani na hasira zake kuliko kuivunja.

Binti akanitazama sana. Akasema, "Kwa hiyo imbane mama mpaka jua litoke."

"Ndiyo."

Akachukua vyombo vyake akaenda.

Aprili 9, Jumanne

Tumelileta nyumbani mimi na Mpaka Kesho, tumelifunika turubai, mvua haikuligusa hata tone. Tumeliweka ubavuni mwa kitanda. Mke wangu alipitisha kiganja juu yake taratibu, mbele na nyuma, kama anavyopima shuka dukani. Machozi yakamtoka. Akasema, "Kumbe ulikuwa unaweza siku zote, mshenzi wewe." Mpaka Kesho alicheka mpaka akaegemea ukuta.

Halafu mke wangu akashika kishikio cha droo ya juu, akavuta.

Haikufunguka. Akavuta tena kwa mikono yote miwili. Mikono ile imekuwa myembamba, niliona mishipa ikisimama. Nikaivuta mimi, ikatoka vizuri kabisa, laini, haina mtikisiko. Nikaifunga. Akajaribu tena, haikutoka.

"Itaachia," nikamwambia. "Jua likitoka itaachia yenyewe. Kwa sasa mwite binti akufungulie."

Akarudisha mkono chini ya blanketi. Akasema, "Asanteni, ni zuri sana."

Aprili 10

Nimeipaka mshumaa ubavuni. Haitoki kwake.

Aprili 11

Sabuni kavu. Haitoki.

Aprili 12

Nimebadilisha vishikio, nimeweka vikubwa vya kushika kwa kiganja. Haitoki. Nguo zake bado ziko kwenye sanduku la bati. Binti alitaka kumpangia, akakatazwa. "Nilisema kwa mkono wangu," ndivyo alivyomwambia.

Aprili 14, Jumapili

Tumegombana. Naandika kila kitu kwa sababu sijui niende nacho wapi.

Asubuhi nilipaka mshumaa tena, mwingi, nikamwambia nimeipunguza kidogo kwa randa, ajaribu. Akajaribu. Akaipapasa pembeni kwa kidole, akakinusa.

"Fundi, nimekaa na wewe maisha yangu yote. Usinidanganye kwa mshumaa."

Nikauficha mshumaa mfukoni.

"Nipunguzie. Chukua randa unipunguzie nifungue droo yangu."

"Nikiipunguza sasa itaharibika kiangazi."

"Najua."

"Itacheza. Itapiga kelele. Kabati lote litaonekana kazi ya mtu wa barabarani."

"Najua, Fundi. Mimi si mteja. Nimesikia kanuni yako hiyo hata kabla hatujazaa."

"Sasa kama unajua, si usubiri jua!"

Nilipaza sauti. Nilimpazia sauti mgonjwa. Hakukasirika, ndiyo maana iliniuma zaidi. Alinitazama tu, akasubiri nimalize kupumua, halafu akasema polepole, "Mimi nikishakuambia nipunguzie, wewe unaelewa ninachokuambia. Usinifanye niseme kwa maneno mengine."

Nilielewa. Nilielewa tangu ile siku ya kwanza alipovuta ikakataa. Nikainuka, nikabamiza mlango, nikaenda karakanani siku ya Jumapili kunoa patasi ambazo zilikuwa na makali tayari. Nilinoa mpaka vidole vikachubuka. Nikipiga ile droo randa, nimesema kwa mkono wangu kwamba hatakuwepo jua likitoka. Wanaweza kusema hayo hospitali, anaweza kusema binti, anaweza kusema yeye mwenyewe. Mimi sikutaka kusema.

Aprili 15

Mpaka Kesho amenikuta karakanani nimekaa juu ya maranda ya mbao. Alipangusa randa yangu, ile ndogo, akakinoa kisu chake kwenye jiwe na kukimaliza kwenye ngozi, akakikaza kikichungulia kidogo tu mdomoni mwa randa. Hakuacha kosa hata moja, na mimi nilidhani hajawahi kunisikiliza. Akaifunga kwenye kitambaa cha mafuta akanipa.

"Nenda nayo nyumbani, mzee."

"Nitakwenda kesho," nikasema.

"Hapana," akasema. "Hilo neno ni langu. Wewe nenda leo."

Sikwenda na randa. Niliiacha juu ya meza ya kazi. Nimekwenda mikono mitupu nikakaa naye, hatukuzungumzia droo.

Aprili 16

Nimeipiga.

Nilitaka kwenda nayo karakanani, akakataa. Akasema nifanye pale pale chumbani, anataka kuona. Binti akatandika gazeti, yeye akasema ondoa hilo gazeti, acha yaanguke. Nikaigeuza droo ubavu juu ya kiti, nikaanza.

Mvule mkavu, kisu kikali, hauna kelele. Unavuma tu. Maranda yalitoka marefu, membamba, yakajikunja sakafuni. Nikapitisha mara chache nikaiingiza. Akavuta, ikasogea kidogo, ikakwama.

"Tena," akasema.

Nikapiga tena. Nikaingiza. Akavuta, ikaja nusu.

"Tena."

"Mama, hapa ndipo pa mwisho. Nikizidisha hapa kiangazi..."

"Tena, Fundi."

Nikapiga, na hapo nikalia. Nililia huku mkono unakwenda, kwa sababu ukisimamisha randa katikati inaacha alama. Binti alikuwa mlangoni, amejiziba mdomo na kitambaa cha jikoni. Mke wangu hakulia. Alinyoosha mkono akaokota moja ya yale maranda, refu, lililoangukia kitandani, akajiviringishia kidoleni. Akasema, "Unakumbuka mlango wa kwetu? Siku ile ya tatu mlango ulikuwa umeshapona. Nilikuwa nakuona ukipiga randa hewani."

Nikacheka na kulia kwa pamoja, kamasi zikanitoka kama mtoto.

Nilipoiingiza tena, akaweka kidole kimoja tu kwenye kishikio. Droo ikatoka yote mpaka mwisho, bila sauti. Akaisukuma, ikarudi. Akaivuta. Akairudisha. Alicheza nayo hivyo kwa muda mrefu, na uso wake ulikuwa uso wa msichana.

Nikaipiga na ya pili hivyo hivyo, halafu akaomba sanduku. Binti akamshikia, yeye akatoa moja moja. Gauni la bluu, sweta, vitambaa vya kichwa, shuka la siku tuliyohamia nyumba hii. Alizikunja upya zote kwa mikono ile, akapumzika katikati, akaendelea. Droo mbili alizijaza. Ya chini akasema tuiache tupu, nikamwuliza ya nini, akasema, "Ya kwako. Utaweka nini sijui, misumari."

Aprili 22

Mvua. Amefungua droo akachagua kitambaa chekundu, akakifunga mwenyewe.

Aprili 25

Mvua kubwa. Paa la karakana linavuja upande wa mashine. Sijaenda kuangalia.

Aprili 30

Leo hakufungua. Alinyoosha kidole tu akakigusa kishikio.

Mei 3, Ijumaa

Ameondoka asubuhi, mvua ikinyesha. Nilikuwa nimemshika mkono.

Mei 5

Nimetoka kumzika mke wangu.

Nilikuwa nimesema nitamtengenezea jeneza mimi mwenyewe. Nilikwenda karakanani nikasimama mbele ya mbao, mikono ikakataa kupokea kazi. Sikuweza hata kushika futi ya kupimia. Mpaka Kesho akanikalisha kwenye kiti, akachukua mvule uliobaki, akafunga mlango wa mbele. Mtu huyu sijawahi kumwona akimaliza kitu siku aliyoahidi. Lilikuwa tayari kabla giza halijaingia. Hakutumia msumari hata mmoja mahali panapoonekana, kona zote amezikata meno zikashikana zenyewe. Nilipitisha mkono kutafuta kasoro, kwa mazoea tu ya ubaya wangu. Sikupata. Alisimama pembeni akingoja nimkosoe.

"Ni kazi nzuri," nikamwambia.

Akageukia ukutani akalia kwa sauti. Miaka yote nimemwona mtu wa mzaha, na safari hii ndiye aliyenibeba.

Mei 19

Mvua, lakini nyepesi. Nimevipaka mafuta vyuma vyote. Nimelaza randa ubavu.

Juni 8

Jua. Limetoka kama hakuna kilichotokea. Majirani wote wameanika magodoro nje, watu wanaitana na kucheka. Nimelichukia jua leo. Nilifunga madirisha ya chumbani, binti akaja akayafungua bila kuniuliza.

Juni 27

Mteja ameleta meza ya kuandikia, aliinunua masika, sasa droo zake zinacheza. Nikamweleza kama ninavyomweleza kila mtu: unapasua vipande vyembamba vya mbao ileile, unavigundisha ubavuni, unasubiri vishike, halafu unavipunguza kwa randa mpaka droo ikae. Kazi ya asubuhi moja. Mpaka Kesho alikuwa ananitazama wakati nasema. Nikamwambia afanye yeye.

Julai 14, Jumapili

Kiangazi kamili. Mbao zote za nyumba zinalia na kutulia mahali pake. Kabati lake limekaa vizuri, fremu haijapinda hata unywele, lakini droo za juu zimekuwa nilivyosema zitakuwa. Lori likipita barabarani zinatetemeka. Upepo ukipiga mlango, ile ya kwanza inajitokeza yenyewe kiasi cha kidole. Mwanzoni nilikuwa nairudisha. Sasa naiacha, naitazama nikiwa nimelala upande wake wa kitanda.

Leo binti alikwenda kuchukua shuka, akavuta kwa nguvu ya kawaida tu, droo ikamtokea yote mikononi. Nguo zikamwagika sakafuni, gauni la bluu juu, na ndani ya sweta lile randa refu alilokuwa amejiviringishia kidoleni, limekauka, halijavunjika. Tukaokota wote wawili. Nilizikunja alivyozikunja yeye, au nilijaribu.

Binti akairudisha droo mahali pake, akaitikisa, ikapiga kelele huku na huku.

"Baba, hii si inahitaji vile vipande vya pembeni tu? Kazi ya asubuhi moja, unasema mwenyewe kila siku. Utaitengeneza lini?"

Nikamwambia kesho.

Akanitazama usoni. Halafu akaifunga taratibu, kwa kidole kimoja, akaenda kupika. Kesho akiniuliza nitamwambia kesho.